Turubai la Mama Nabintu

Jirani yangu Mama Nabintu amewalilia watu wengi ambao hakuwahi kuwaona. Alimlilia mwalimu mmoja wa Rutshuru kwa sababu tu shemeji wa mwalimu alipanga nyumba kwenye avenue yetu. Alimlilia bibi wa fundi wa pikipiki. Na safari moja alimlilia mtu wa mji wa Kiwanja ambaye alikuwa hai, jambo nitakalolieleza mahali pake. Padri wa parokia alimsifu mbele ya watu wote kwa moyo wake wa huruma. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nikainamisha kichwa padri asije akauona uso wangu, maana najua huruma ile ilianzia wapi.

Tunakaa Keshero, upande wa chini, karibu na ziwa. Kwake ni mbele, kwangu ni nyuma, na katikati kuna ukuta wa mawe ya volkano ambao marehemu mume wake aliupanga kwa mikono, bila hata kijiko cha simenti. Ukisimama juu ya jiwe fulani unaona mpaka ndani ya sufuria yake. Mimi husimama hapo kila asubuhi. Si umbeya. Nina watoto, na mtu mwenye watoto anapaswa kujua kinachokuja kabla hakijabisha hodi.

Mama Nabintu ni wa kabila la Washi, Mushi wa Walungu, upande wa Bukavu. Aliletwa Goma akiwa bibi-arusi, ndani ya mashua ya Bukavu, akitapika ziwa zima, na anasema hata leo kwamba mume wake alimwona tumbo kabla hajamwona uso. Mume alikuwa karani bandarini. Alipokufa alimwachia nyumba ya mbao, watoto ambao wote wameshajitawanya, na parseli ile, ardhi yenyewe iliyobeba nyumba. Anauza sambaza wakavu, dagaa wetu wa ziwani, kwa kikombe. Ana umbo la pipa na sauti ya mtu anayeiita mashua iliyokwisha kuondoka.

Zamani avenue yetu ilikuwa ya nyumba za mbao tupu. Ukikohoa, nyumba ya pili wanakuambia pole. Kisha wenye nazo wakalipenda ziwa. Sisi ziwa tulikuwa tunalichota na kufulia ndani yake. Hatukujua kwamba ni kitu cha kutazama. Etaji la kwanza, nyumba ya ghorofa, likapanda, la pili likafuata, na kila etaji likaja na ukuta wake, na juu ya ukuta vipande vya chupa, na juu ya chupa waya wa umeme, kana kwamba tumepanga kuingia kuiba hewa. Njia ya kuteremkia majini ikafungwa kwa lango jekundu. Sasa tunazunguka na bidoni zetu mpaka nyuma ya hoteli, ambako mlinzi anatuhimiza tuchote upesi, wageni wasije wakatukuta ndani ya picha zao.

Majirani wakaanza kuondoka. Kwetu hatusemi mtu ameuza parseli, tunasema amekula parseli. Mmoja alikula ya kwake, akanunua gari la taksi, na gari likamla yeye. Wengine walihamia mtaa wa Majengo, wengine mbali zaidi, kule kwenye mawe makavu. Lakini Jumapili wanarudi kusali kwetu, na baada ya misa utawaona wamesimama mbele ya malango ya watu, wakionyeshana kwa kidole: pale kwenye ua la waridi ndipo palipokuwa na choo changu.

Aliyetuletea shida ni patron Murhula, mfanyabiashara wa simenti na mabati. Alinunua upande wa kushoto wa Mama Nabintu, akajenga etaji. Akanunua upande wa kulia, akajenga jingine. Nyumba ya mbao ikabaki katikati, kama mtu aliyekamatwa na askari wawili. Sasa akaitaka parseli hiyo nayo, ili wapangaji wake wapate mahali pa kuweka magari. Na mimi njia yangu ya kutoka ni kichochoro kinachopita ubavuni mwa nyumba ya Mama Nabintu. Hakuna nyingine. Yeye akiondoka, mimi na watoto tunabaki kama panya ndani ya pipa. Ndiyo maana jiwe langu lilikuwa limeanza kung'aa kwa kusimamiwa.

Murhula hakuja mwenyewe. Alimtuma Benny, komisioneri. Komisioneri ni mtu anayekutafutia nyumba usiyoiweza, au anayemtafutia mwingine nyumba yako. Benny huvaa viatu vyenye ncha ndefu, na juu ya mawe yetu anatembea kama kuku anayevuka matope.

"Mama, patron amenituma na heshima yote," alisema.

"Heshima uiweke pale kwenye kiti. Weye kaa chini."

"Mama yangu, hii nyumba imezeeka."

"Hata mimi nimezeeka. Uko unatafuta muchumba ao parseli?"

Benny alicheka, kwa sababu ndiyo kazi yake. Lakini alirudi, akarudi tena, na safari moja alikuja na shefu wa avenue. Shefu alisema, huku akitazama paa na si uso wa mama, kwamba nyumba za mbao zinatia avenue haya, kwamba huko juu wanaandaa uamuzi, na kwamba mpima ardhi atapita wiki inayofuata. Siku hiyo Mama Nabintu aliwapa mgongo. Aliwageuza sambaza wake upande wa pili juani, mmoja mmoja. Nilipomwona hivyo niliogopa kweli.

Ilitokea kwamba kabla ya mpima kuja, mpangaji mmoja jina lake Théoneste, aliyekaa chumba cha nyuma kwenye etaji moja la avenue yetu, alifiwa na mama yake. Mwenye nyumba alimpa pole nzuri sana. Kisha akamkataza kuwasha moto uani kwa sababu ya vigae, na kukusanya watu kwa sababu ya magari. Théoneste akatoka akakaa barabarani juu ya jiwe, mtu mzima, hajui amlilie mama yake wapi. Mama Nabintu alipita na bakuli lake kichwani, akamwona.

"Simama," akamwambia. "Kilio italiwa kwangu."

Turubai likafungwa kutoka kwenye bati lake mpaka kwenye ukuta wetu wa mawe. Mafiga yakawekwa, benchi za parokia zikaja, maharagi yakapanda motoni. Na kwetu mambo yako hivi: moto wa kilio ukiwaka, parseli ile inakuwa ya waliofiwa. Aliyekuja kudai hadai. Aliyekuja kununua hanunui. Hata askari akija kukamata mtu, anaketi kwanza, anapewa chai. Kuongea biashara chini ya turubai la kilio ni sawa na kuvua suruali kanisani.

Asubuhi hiyohiyo Benny akafika na mpima ardhi. Waliliona turubai wakiwa wamekwisha kuingia. Mpima akavua kofia na kuuficha utepe wake mgongoni, kama mwizi wa kuku. Wakaketi. Wakapewa sahani. Wakala, wakatoa pole, wakaondoka kwa adabu. Mama Nabintu aliwasindikiza kwa macho mpaka kwenye kona. Kisha akainua kichwa, akalitazama turubai kwa muda mrefu, kama mama anavyomtazama mtoto mvivu siku anapopata kazi.

Tangu hapo turubai halikushuka.

Msifikiri alidanganya. Wafu walikuwepo, tena wengi, na hawakuwa na mahali. Wapangaji wote wa vyumba vya nyuma walikuwa na shida ya Théoneste. Waliohamia Majengo nao, mtu wao akifa, walitaka aliliwe pale alipoishi, si kule ambako hata majirani hawamjui jina. Mama Nabintu aliwapokea wote. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakungoja wamfuate. Alikwenda kwenye pampu ya maji na swali lake:

"Kwenu hamuna mugonjwa?"

Watu walidhani ni upendo.

Ndivyo tulivyomlilia Mbarushimana. Huyu ni mchuuzi wa maharagi kutoka Kiwanja, naye ndiye alikuwa akitushushia magunia. Kilio kilichotangulia kilikuwa kimekwisha, watu wanakunja mikeka, na Benny alikuwa amesimama kwenye kona akijipangusa viatu, akingoja kamba ya kwanza ifunguliwe. Wakati huohuo mtu wa pikipiki akasema amemwona Mbarushimana akibebwa kwenye machela huko Kiwanja. Tukapiga simu, imezimwa. Mama Nabintu akaketi chini na kupiga ukelele wa kwanza kabla mtu wa pikipiki hajamaliza kusema. Benny akapangusa kiatu cha pili, akaenda zake.

Kesho yake mchana, tukiwa katikati ya wimbo, Mbarushimana akaingia, amefungwa kitambaa mguuni, na gunia begani. Alikuwa ameteguka tu. Aliona turubai, akatua gunia taratibu, akavua kofia, akaketi karibu nami.

"Ni nani ametutoka?" akaninong'oneza.

Nilitazama mikono yangu. Kila aliyeketi kwenye benchi akatazama ya kwake.

"Alikuwa mutu muzuri?" akauliza tena, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Muzuri sana, Papa," akajibu Mama Nabintu kutoka kwenye sufuria. "Kwa kipimo alikuwa anapunja kidogo, lakini muzuri."

"Tuko wote vile," akasema Mbarushimana, akalia kwa uchungu kuliko sisi. Alikula sahani yake yote. Tulimwambia jina la marehemu wakati wa kumsindikiza, na hata leo akipima maharagi anajaza kikombe mpaka yanamwagika.

Benny alianza kukonda. Siku moja alisimama nje ya turubai, akaita kwa sauti ya chini:

"Mama, kwenu watu wanakufa sana."

"Njo vile, mutoto wangu. Hapa chini iko baridi. Ingia ukule."

Patron Murhula naye alimtuma sentineli wake, mlinzi wa lango, kusema kwamba moshi unaingia kwenye vyumba vya wapangaji, na nyimbo zinawasumbua. Maskini sentineli alikuwa kijana wa Masisi, kule nilikotoka mimi. Alisema ujumbe wake akiangalia chini, na nyuma yake, kwenye balkoni ya juu, mama mzazi wa Murhula mwenyewe alikuwa akiimba pamoja nasi kiitikio.

Huyu mama mzee, M'Balagizi, aliletwa kutoka Kabare ili afaidi mali ya mwanawe. Wakamweka ghorofa ya juu kabisa. Ngazi zilikuwa za vigae vinavyoteleza kama sabuni, na magoti yake hayakuziweza, kwa hiyo alifaidi mali akiwa kwenye kiti cha plastiki, akitazama paa la Mama Nabintu kutwa. Siku ya kwanza alipaza sauti, "Asinge!", salamu ya Kishi. Mama Nabintu akaitika kwa sauti yake ile ya mashua, mpaka mbwa wa etaji wakanyamaza. Tangu siku hiyo walikuwa wanaongea kila asubuhi, mmoja juu na mwingine chini, habari za mvua, za ndoa, za ng'ombe waliokufa kabla sisi wengine hatujazaliwa. Mama mzee alikuwa anateremsha kikapu kwa kamba. Mama Nabintu anakijaza mahindi ya kuchoma na sambaza, na kikapu kinapanda. Murhula alikuwa anamlipa mpishi ampikie mama yake supu. Supu alikuwa anapewa mbwa.

Asubuhi moja kikapu hakikushuka. Tulingoja. Baadaye tukaona malori yakileta viti vyeupe na maua ya plastiki, tukaelewa.

Mama Nabintu hakupiga ukelele. Alifunga kanga ya pili kiunoni, akabeba mzigo wa kuni kichwani, akatoka. Wanawake tukamfuata. Langoni sentineli wetu wa Masisi alikuwa amevalishwa tai.

"Mama, samahani. Wanaingia walioalikwa tu."

"Kwa kilio watu wanaalikwa?"

"Patron amesema vile. Na kuni hapana. Chakula kitatoka kwa hoteli."

Mimi nilimvuta kanga. Nilimnong'oneza turudi, nikamkumbusha parseli yake, kichochoro changu, watoto wangu, shefu, kila kitu. Mtu anayetaka kukufukuza hutakiwi kumpa sababu. Mama Nabintu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatua kuni pale pale mbele ya lango, juu ya pave mpya za Murhula, matofali ya kutandikia njia, akatafuta mawe matatu, akayapanga.

"Alikula sambaza wangu," akasema. "Siwezi kumulilia na simu."

Akawasha moto. Tukaketi. Na hapo akalia, na niwaambie, nimemsikia akiwalilia watu wengi, lakini kilio kile sikuwa nimekisikia bado. Hakikuwa na mpango ndani yake. Gari la kwanza la walioalikwa likafika, likakuta moto njiani, likapiga honi, likazima. La pili likasimama nyuma yake. Benny alikuwa ndani ya la tatu, na miwani nyeusi. Alitutazama, akatutazama tena, kisha akashuka kwenda kutafuta kuni, kwa kuwa alikuwa amekula kwetu mara nyingi mno na mwili ulishazoea.

Lango likafunguka kwa ndani. Alitoka mwanamke mzee sana, mwenye fimbo, na nyuma yake wengine wa umri wake. Walikuwa dada za marehemu, waliovuka ziwa na mashua ya asubuhi.

"Moshi njo iko hapa," akasema yule wa mbele. "Kule ndani tulifikiri tumekuja kwa ndoa. Wametupa karatasi ya kupangusa mudomo."

Wakatandika vitenge vyao juu ya pave, wakaketi pamoja nasi. Viti vyeupe vikabaki ndani na maua. Baada ya muda Murhula mwenyewe akatoka, na suti nyeusi, simu mkononi.

"Mama mukubwa, watu wanaangalia. Turudi ndani."

"Kaa chini," akasema yule wa fimbo, shangazi… la, si shangazi, ni mama mkubwa wake, na kwa Washi huyo ni mama kabisa. "Mutu akifiwa anakaa chini."

Murhula aliitazama suti, akatazama jiwe. Akaketi. Alikaa kidogo akiwa amekaza shingo, halafu kitu kikakatika, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Mama Nabintu alimsogezea kikombe cha chai bila kumtazama.

Mchana mvua ikaja, ile mvua ya Goma isiyotuma taarifa. Moto ukaanza kuzomea. Mama mkubwa akauliza kama hakuna mahali penye turubai. Benny alikohoa. Sentineli, na tai yake, akaonyesha kwa kidole.

Ndivyo mama wa patron Murhula alivyoliliwa ndani ya parseli ambayo mwanawe alitaka kuwekea magari. Walikuja wafanyabiashara wakubwa wa Bukavu na wa Goma, wakainama kupita chini ya kamba, wakaketi benchi la parokia kando ya Mbarushimana. Murhula alikula maharagi kwa mkono, mahali palepale alipokaa mpima ardhi. Mimi nilikuwa nimeshuka kwenye jiwe langu ili nipakue, lakini macho sikuyapumzisha.

Kosa lilitokea siku ya mwisho. Watu walikuwa wanangoja chai, na Benny, nafikiri kwa mazoea tu, akamwinamia patron wake na kumnong'oneza. Benny ana mnong'ono wa mtu aliyezoea kuongea barabarani. Benchi mbili zilisikia: shefu amesema karatasi iko tayari.

Mama mkubwa aligeuza kichwa polepole. "Huyu wa viatu anasema nini?"

"Hakuna, mama mukubwa."

"Karatasi ya nini?"

Murhula alitafuta mahali pa kuweka macho. "Ya parseli."

Watu wa benchi la nyuma wakasogea mbele. Hata mtoto mmoja aliyekuwa akilia alitambaa mbele, ila huyo labda alikuwa anatafuta sukari tu.

"Parseli gani?"

Murhula aliinama kufunga kiatu.

"Hii tumekaa ndani? Hii yenye moto ya dada yangu?"

Aliulizwa hayo chini ya turubai, mbele ya wajomba zake wote, na wafanyabiashara wa Bukavu, na Mama Nabintu aliyekuwa akikoroga chai kana kwamba ni kiziwi. Niliona jasho likitoka chini ya nywele za patron. Kama angekuwa ameiba angalau angekuwa na la kusema.

"Haiko hii, mama mukubwa," akasema mwishowe. "Ni ingine. Hii haiuzwe."

"Sawa. Ju kila mwaka tutavuka tulilie hapa. Hapa tulishaweka machozi, hatutayahamisha." Akamnyooshea Mama Nabintu kikombe. "Ongeza sukari."

Mambo yalikwisha hapo. Msitegemee kwamba Murhula aligeuka malaika. Baada ya misa ya kumbukumbu aliongeza kimo cha ukuta wake kwa sababu ya moshi, na akamfukuza sentineli kazi kwa sababu ya kile kidole kilichoonyesha turubai. Sasa kijana anauza sambaza na Mama Nabintu na anaimba vizuri. Lango jekundu la majini bado limefungwa. Lakini shefu wa avenue akipita anasalimia mlango na si paa, na neno la nyumba za mbao hatujalisikia tena. Yaani kwa Mama Nabintu tu.

Kwa sababu magari yale bado hayana mahali. Jana asubuhi nilikuwa natandaza nguo, nikaona viatu vyenye ncha ndefu vikiingia kwa kichochoro changu, vikichagua mawe.

"Mama Ushindi," Benny akasema, na kofia mkononi. "Patron anakusalimia na heshima yote. Anasema hapa kwako, kama tukifungua njia kwa nyuma..."

Nilifikiria watoto, nikafikiria pipa. Na hapo kichwa cha Mama Nabintu kikachomoza juu ya ukuta. Kumbe hata upande wake kuna jiwe.

"Mama Ushindi, samahani nakata mazungumzo," akasema kwa sauti ya kuita mashua. "Mujomba wako wa Masisi, ule mugonjwa, anaendelea namna gani?"

Mjomba wangu wa Masisi ana nguvu kama fahali. Juzi ameoa tena. Nilimtazama Benny. Nilivitazama viatu vyake.

"Hali yake si nzuri," nikasema, na nikaingia ndani kutafuta kamba za turubai.